Kichwa kwa Ojok, Kifua kwa Baba

Tup. Hiyo ndiyo tuliyoisikia kwanza, kabla ya kuona chochote: sauti moja nzito na fupi, kama mtu ameangusha gunia la maharage nyuma ya ukuta. Tulikuwa uwanjani Kisugu, katikati ya kwepena, mpira wa matambara uko hewani, na aliyekuwa anarushiwa alisahau hata kukwepa. Tup maana yake kifua cha mashine ya muziki kimewashwa, na kifua kikiwashwa Jumamosi imeanza. Tulikimbia na vumbi jekundu mpaka magotini, tukisukumana, na tulipofika kwenye kona ya jiko la Mama Shamim harufu ya vumbi linalopata moto ndani ya mashine ilikuwa imeshatufikia puani.

Ninyi wa rika langu, mliokwenda shule Jumatatu na ufagio mkononi na kikombe cha uji kikigonga ndani ya mkoba, hamhitaji kuelezwa. Mnajua muziki ulivyokuwa jambo la kuendewa. Nawaeleza hawa wa leo, kwa sababu wiki iliyopita wamenitia hasira ambayo mpaka sasa haijapoa.

Nilikwenda mjini na mdogo wangu Mariamu kununua mashine ya muziki kwa ajili ya nyumba yangu ya Bugolobi. Nilikuwa nimejiwekea akiba, na nilijua ninachotaka: amplifaya ya vipande. Kipande kimoja cha kuongoza sauti, kingine cha kuipa nguvu, halafu spika. Muuzaji, kijana mstaarabu mwenye ndevu zilizonyooshwa kama kwa rula, alinisikiliza mpaka mwisho, akanihurumia.

"Nnyabo, utajisumbua bure," alisema. "Chukua hii ya pamoja. Kila kitu kiko ndani ya boksi moja. Huhitaji waya nyingi, huhitaji kusubiri, huhitaji mtu wa kukusaidia. Uko kitandani, unawasha kwa simu."

"Dada Hawa," Mariamu akadakia, "vipande vitatu vya nini? Unafungua kliniki?"

"Vya muziki."

"Banange! Muziki huu hapa." Akagonga simu yake kwa kucha. "Wewe unataka kununua mafriji."

Wakacheka, yeye na muuzaji. Nami nikasimama mbele ya lile boksi jembamba, jeusi, lenye taa moja ya buluu, na maneno mawili yakinigonga kichwani: huhitaji mtu. Alivyoyatamka! Kama anayetoa habari njema. Kama kuhitaji mtu ni ugonjwa ambao hatimaye umepatiwa dawa, na dawa yenyewe inauzwa dukani kwake na dhamana ya mwaka mmoja.

Kiufundi hakukosea, najua. Sebule yangu ni ndogo, na kwa sebule ndogo boksi moja linatosha na kubaki. Waliolitengeneza wamehakikisha sehemu zake za ndani zinaelewana, sauti haisafiri mbali kwenye waya, na bei ni nafuu. Vipande ni vya mtu mwenye nafasi, mwenye subira, anayetaka leo abadilishe hiki na kesho kile. Hayo yote nimeyasoma. Lakini mimi nilikulia katika nyumba ambamo swali la boksi moja au vipande lilijibiwa mbele ya macho yangu, na jibu lile sijalisamehe.

Tulikaa kwenye mizigo, kama tunavyoita Kampala vyumba vya kupanga vilivyojengwa mstari mmoja chini ya bati moja. Mlango wa kwanza ulikuwa wetu. Baba yangu, Marjani, alikuwa dereva wa malori, Mnubi wa Bombo, mtu mrefu mwenye sauti ya honi. Mlango wa pili ulikuwa wa Mama Shamim, mjane aliyekaanga gurusa, ile mikate yetu myembamba, akaiuza asubuhi kwa wapita njia. Na mlango wa mwisho ulikuwa wa Afande Ojok, askari wa trafiki, Mwacholi. Huyu aliishi peke yake. Mkewe na watoto walikuwa Gulu, na barabara ya Gulu miaka ile ya vita haikuwa barabara ya kupita kwa kupenda. Barua zilimfikia mara moja moja kwa mikono ya madereva. Alizisoma akiwa amesimama mlangoni, akaziweka kwenye mfuko wa shati, siku nzima zikawa humo.

Siku moja familia ya wageni iliyokuwa inahama Muyenga ikawa inauza vitu vya nyumbani, na kati ya vitu hivyo kulikuwa na mashine ya muziki ya vipande. Hakuna kati ya hawa watatu aliyeiweza peke yake, basi wakachanga. Mashine ikafika uani juu ya mkokoteni, imefunikwa blanketi kama mgonjwa, na hapo ndipo walipokumbuka jambo ambalo hawakulizungumza: italala kwa nani?

Walibishana kuanzia adhuhuri. Baba alisema ilale kwetu kwa sababu sisi tuna watoto. Mama Shamim alisema kwa kuwa mna watoto ndiyo isilale kwenu. Baba akauliza kama Mama Shamim anamaanisha watoto wake ni panya. Mama Shamim akajibu kwamba panya angalau hawabonyezi vitufe. Mwisho Afande Ojok, aliyezoea kuamua nani apite na nani asimame, akainua mkono wake wa barabarani.

"Basi! Maneno imetosha. Kila mtu nachukua kipande yake, nalala nayo. Saa ya muziki, tunakutana."

Ndivyo ilivyokuwa. Mama Shamim akachukua spika mbili, kubwa kama makabati, akazitandikia vitambaa vya kufuma, pamoja na deki ya kaseti. Baba akachukua kile kipande kizito chenye nguvu, kwa sababu yeye peke yake aliweza kukinyanyua bila kuita mtu. Sisi watoto tulikiita kifua. Na Afande Ojok akachukua kile chembamba chenye vitufe, kinachochagua na kupima sauti. Hicho tulikiita kichwa. Kichwa bila kifua hakisikiki, na kifua bila kichwa hakijui kunong'ona. Hakuna nyumba iliyoweza kusikia hata wimbo mmoja bila nyumba mbili nyingine kukubali.

Fikirini. Watu wazima watatu hawakuaminiana, wakagawana mashine ili mmoja asiwaibie wenzake, na kutoaminiana kwao kukatupa sisi Jumamosi tamu kuliko sikukuu. Baada ya sala ya alasiri Mama Shamim alitoa spika, tukizisukuma kwa matumbo. Baba alitoka na kifua, mishipa ya shingo imemtoka, akipiga kelele, "Pisha! Pisha! Mkono wenye maji usiguse!" Afande Ojok alikuja wa mwisho, kichwa kikiwa kwapani kimefungwa ndani ya sweta lake la kazi. Alikiweka juu ya stuli, akaunganisha waya mmoja mmoja, akawasha, kisha akampa Baba ishara ile anayowapa magari. Baba akawasha kifua. Tup.

Kulikuwa na utaratibu. Kaseti ya kwanza ilikwenda kwa zamu: wiki hii taarabu ya Mama Shamim, wiki ijayo rumba ya Baba, na wiki ya tatu nyimbo za Kiacholi ambazo mtu wa kwao alimrekodia Afande Ojok, na katikati ya nyimbo zile unasikia kuku na mtoto akilia. Kufungua sauti na kuishusha ilikuwa kazi ya Ojok peke yake. Alikaa karibu na stuli, vidole viwili juu ya kitufe, uso umetulia kama anapima homa ya mtu. Mama yangu akianza kucheza, sauti ilipanda kidogo bila mtu kuomba. Mgonjwa akiwepo jirani, ilishuka. Mtoto mdogo akilala mgongoni kwa mama yake, Ojok ndiye aliyemwona kwanza. Leo simu inakushauri wimbo unaoupenda. Simu inakujua wewe tu. Ojok alijua ua mzima.

Na sisi tulikula gurusa zilizobaki asubuhi, tukazikunja na sukari ndani, tukacheza mpaka miguu ikauma, tukajua nyimbo za Kiswahili, Kilingala na Kiacholi kabla hatujajua kuandika majina yetu sawasawa. Leo namwona Mariamu na marafiki zake wamekaa watatu kwenye kochi langu, kila mmoja amejiziba masikio kwa vipunje vyake vya simu, mmoja anatikisa kichwa, wa pili anafuta machozi, wa tatu anacheka. Wako pamoja, eti. Ukiwauliza wanasikiliza nini, wanakutumia linki.

Turudi kwetu. Mwaka ule shangazi yangu Saida, dada yake Baba, alikuwa anachumbiwa, na wazee wa upande wa mwanamume wakapanga kuja kwetu Jumamosi. Baba alitaka waone kwamba dada yake anatoka katika nyumba inayojiweza. Tena alikuwa amekwisha kujisifu huko Bombo kwamba ana mashine ya muziki, na alipojisifu hakutaja majirani.

Wazee wakafika, kanzu nyeupe, fimbo, harufu ya udi. Wakakaa. Chai ikaja. Mmoja akasema, "Marjani, tumesikia una kitu kinachoimba." Baba akacheka, akatoka nje kwa hatua za haraka. Spika zilikuwa tayari, Mama Shamim alizitoa mapema kwa heshima ya wageni. Kifua kilikuwepo. Lakini mlango wa Afande Ojok ulikuwa na kufuli. Kulikuwa na wakubwa wanapita barabarani siku ile na askari wote wa trafiki waliitwa kazini tangu alfajiri. Kichwa kilikuwa ndani.

Mtu mwingine angerudi kwa wageni akasema, jamani, kipande kimoja ni cha jirani na jirani yuko kazini, tutaongea tu. Ilihitaji pumzi moja. Baba yangu alisimama uani akiitazama ile kufuli, kisha akachukua waya wa deki akauchomeka moja kwa moja kwenye kifua.

"Marjani," Mama Shamim alisema, "sauti utaipunguza na nini?"

"Itajipunguza."

Akabonyeza kaseti.

Sijawahi kusikia tena kitu kama kile. Muziki ulitoka wote kwa mara moja, nguvu yote ya kifua bila mtu wa kukishika. Bati lilitetemeka. Kuku waliruka ukuta. Ndani, mzee mmoja alimwaga chai kwenye kanzu ya mwenzake, na bibi yangu, aliyekuwa amesinzia, aliamka akapiga shahada kwa sauti ya mtu anayejiandaa kweli. Kisha ikasikika kama kitambaa kinachanwa, na spika ya kushoto ya Mama Shamim ikanyamaza. Baba alichomoa waya. Katika kimya kile mzee wa kanzu iliyolowa akasema, "Kweli, kinaimba."

Posa ilikubaliwa hata hivyo. Saida ana wajukuu sasa. Spika pia ilikwenda kwa fundi wa Bwaise ikarudi na ngozi mpya. Hakuna kilichoharibika kisichotengenezeka. Ndiyo maana nakasirika.

Afande Ojok alirudi jioni, bado amevaa sare, vumbi kwenye kope. Mama Shamim akamsimulia, na Ojok akacheka. Alicheka mpaka akashika nguzo. Nadhani hakuwa amecheka hivyo tangu barabara ya kwao ifungwe. Lakini Baba alikuwa anasikia kutoka ndani, na aibu yake ikageuka pale pale.

"Unacheka?" alitoka akauliza. "Kwa nini hukuacha ufunguo? Unaondoka na kichwa cha watu!"

"Ufunguo ya nyumba yangu, Marjani? Mimi nilikuwa kazini."

"Ulifunga makusudi. Unapenda tukungoje. Unapenda watu wazima wakae kama watoto mpaka wewe uguse kitufe."

Ojok alifungua kufuli yake. "Ni sisi tulipatana hivyo," alisema, akaingia kwake.

Jumamosi iliyofuata hapakuwa na muziki. Na iliyofuata. Sisi watoto tulicheza kwepena na masikio yetu yamegeukia ukutani. Ojok akitoka kazini alipita moja kwa moja mpaka mlangoni kwake, akakaa ndani. Ndipo nilipoanza kuelewa, kwa akili yangu ya miaka tisa, kwamba sisi tulikosa nyimbo tu, lakini yeye amekosa watu wake wa Kampala wote kwa mpigo, na wale wa Gulu hawezi kuwafikia. Mama alielewa kabla yangu. Baba alipokuwa anajiandaa kwa safari ya Mombasa, alimwambia akimfungia chakula, "Baba Hawa, ukirudi mwombe yule mtu radhi. Neno moja tu. Ana nani hapa zaidi yetu?"

"Nimesikia," Baba alijibu.

Mama akachukulia kwamba amekubali. Akanituma kwa Ojok: "Mwambie Jumamosi ya wiki ijayo aje kama kawaida." Nilikwenda nikamwambia. Alikuwa anapiga pasi shati. Aliweka pasi chini, akaniuliza, "Ni baba yako nasema?" Nikasema ndiyo, kwa sababu nilidhani ni kweli.

Baba alirudi Ijumaa. Kwenye lori, nyuma ya kiti, kulikuwa na katoni. Ndani ya katoni kulikuwa na amplifaya ya pamoja, kichwa na kifua ndani ya boksi moja, na spika zake mbili ndogo.

Hivyo ndivyo baba yangu alivyochagua. Wengine huchagua kwa masikio, wengine kwa mfuko. Yeye alisafiri mpaka baharini akanunua njia ya kutoomba radhi. Mpaka leo ukimtajia Ojok, atakuambia, "Yule Mwacholi alikuwa na kiburi," na atabadilisha stesheni.

Kwa hiyo nilipoliona boksi la yule muuzaji sikununua kitu. Mariamu alinuna njia nzima. Nyumbani Bugolobi nilipanda ngazi nikipita milango minane ambayo sijui nyuma yake kuna nani; najua tu kwamba kila mmoja ana muziki wake masikioni, maana hausikiki usiku wa manane wala mchana. Zamani tulilazimika kugongana ili tusikie. Siku hizi tunasifiwa kwa kutosikika. Tunamwita jirani mzuri yule ambaye hatujawahi kumsikia, na akifa tunamjua kwa harufu. Na kila mwaka vifaa vinakuwa vidogo zaidi, vinajitosheleza zaidi, na sisi tunashangilia kana kwamba upweke ni teknolojia. Mimi nitanunua vipande, hata nikae na kimoja kimoja kwa miaka. Nitampelekea jirani wa mlango wa pili kimoja akakae nacho, aniite kichaa.

Lakini sijamaliza, nimekuwa nikikwepa. Jumamosi ile aliyoitiwa Ojok, boksi jipya lilikuwa linaimba tangu mchana. Lilikuwa na taa ndogo za kijani zinazopanda na kushuka na muziki, na sisi watoto, niseme ukweli, tulilipenda. Tulishangilia kila taa. Hakuna aliyeuliza kuhusu uani. Tulikuwa ndani, sebuleni kwetu, sisi wenyewe tu.

Baada ya alasiri pazia lilisogea. Afande Ojok alikuwa amesimama kizingitini na shati lililopigwa pasi, ndala miguuni, na kichwa kwapani ndani ya sweta. Lazima alisikia muziki tangu mlangoni kwake. Alikuja hata hivyo.

Mama aliinuka, akamtazama Baba. Ilikuwa bado inawezekana. Ilikuwa inawezekana kabisa.

"Karibu, afande, karibu!" Baba alisema kwa ile sauti yake ya honi. "Njoo uone mambo. Yote ndani ya boksi moja!"

Ojok aliinama akatazama. Alitazama kwa makini, kwa haki, kama anavyotazama leseni. "Iko safi," alisema. Kisha akauliza taratibu, "Sauti, naongeza wapi?"

"Ah, hapa tu. Hata mtoto anaweza. Hawa, mwonyeshe."

Nami nikaenda. Mungu anisamehe, nilikwenda mbio. Nikaweka vidole viwili juu ya kitufe nikakizungusha, muziki ukapanda, taa zikapanda zote mpaka juu, na nikageuka kumtazama nikitaka anisifu.

"Vizuri sana," aliniambia. "Unajua kazi."

Mama alimletea chai. "Hapana, mama," alisema, "leo mimi iko kazini." Wote tulikuwa tunaona ndala zake. Akalisogeza lile sweta juu zaidi kwapani, akainamisha kichwa chini ya pazia, akatoka.

Kwenye mizigo yetu hakuna aliyefunga mlango mchana, pazia lilitosha. Baba alisikiliza kidogo, akakunja uso.

"Hawa, funga mlango huo. Sauti inatoka nje bure."

Nikaufunga.